Uji wa Dirishani

Ninyi mliomaliza chuo juzi, mnaopita hapa Ibadakuli asubuhi na sare zenu zilizonyooshwa kwa pasi, mnanirushia shikamoo bibi bila hata kupunguza mwendo. Nawajibu marahaba, na moyo wangu unawafuata mpaka kwenye kona. Mnaona bibi anachambua mchele kibarazani. Hamjui kwamba huyo bibi angetupa ungo wote na mchele wake kama mmoja wenu angegeuka akamwambia twende naye leba, japo akae pembeni tu ashike taulo.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni sauti ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Siku hizi mna kimashine kinachoupiga moyo huo kwa sauti chumba kizima, mama anasikia, mkwe anasikia, mfagiaji naye anasikia, na ni jambo jema. Sisi tulikuwa na ile tarumbeta ndogo ya mbao. Unaiweka juu ya tumbo, unaweka sikio juu yake, unamwambia kila mtu anyamaze, na kwa muda huo mko wawili tu, wewe na mtu ambaye bado hajafika. Mpaka leo nikilalia sikio la kulia najikuta nasikiliza. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinitania kwamba nampima mto.

Lakini sikukaa chini kuandika ili niwalilie. Nataka niwasimulie habari ya uji, kwa sababu katika yote niliyofundishwa hilo halimo kwenye vitabu vyenu, na sijui kama yupo anayeliendeleza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Salome, mkunga mkuu wa kituo chetu cha afya upande wa Kharumwa, enzi hizo Kharumwa haijawa makao makuu ya wilaya yoyote. Alikuwa Msumbwa, sauti nzito, mikono midogo kama ya mtoto wa shule. Mimi nilikuja kutoka chuoni najua kila kitu, kama ninyi. Mama akija na uchungu namuuliza kama nilivyofundishwa: umetumia dawa za kienyeji? Ananijibu hapana sista. Wote walijibu hapana. Nikawa naripoti kwa furaha kwamba wanawake wa eneo letu wameelimika sana.

Mama Salome akanicheka mpaka akashika ukuta. "We binti, unamuuliza aliyelishwa? Kamuulize aliyepika."

Akanieleza. Majumbani kwetu dawa ya kuharakisha uchungu haikuwa inakabidhiwa mkononi mwa mjamzito, eti chukua hii unywe. Mama mkwe alikuwa anachemsha mizizi yake, maji yake ndiyo anapikia uji, na uji unatiwa kwenye chupa ya chai, unafungwa na kanga, unakuja kituoni pamoja na mgonjwa. Mkwe anakunywa uji. Akihisi uchungu wa ladha ananyamaza, maana nani atamwambia mama mkwe uji wako mchungu? Kwa hiyo alipokuambia hapana hakuwa anakudanganya.

Mama Salome alikuwa na dawa ya hilo. Alitoka nje kwenye benchi la ndugu, akajishika tumbo, akasema kwa Kisukuma chake kibovu kwamba ana njaa, jamani mayu, yaani mama, nigawie uji. Sasa mnajua watu wetu. Msukuma umwombe chakula akunyime? Atajisikia vibaya mpaka kufa. Kama ndani ya chupa hamna mizizi, utamiminiwa kikombe kabla hujamaliza kuomba. Lakini kama mama wa watu anaanza kusema umepoa, ni kidogo, huu ni wa mgonjwa, huku anaibana chupa kwapani, basi Mama Salome hakuuliza tena. Alirudi ndani, akaweka kiganja juu ya tumbo la yule mgonjwa, hakikutoka pale.

Na mimi nikaiga. Kwanza tulinenepa. Habari zikaenea vijijini kwamba manesi wa kituo kile serikali haiwalishi, wanaombaomba uji, na akina mama wakaanza kutuletea michembe ya viazi vilivyokaushwa, karanga, hata kuku mmoja aliye hai aliyefungwa miguu. Pili, tulikosea. Kuna mchimbaji mmoja, mgeni wa Singida, alikaa benchini amekumbatia chupa ya chai, na nilipomwomba uji aligeuka rangi. Nikamkimbilia mkewe nikampima kila kitu, mapigo safi, tumbo linapumzika vizuri. Nilipomnyang'anya chupa nikafungua, ikanipiga harufu ya gongo puani. Alikuwa anajipa moyo, maskini.

Kosa jingine halikuwa la kuchekesha, na lilimpata Mama Salome mwenyewe kabla mimi sijafika. Bibi mmoja alikataa katakata kumgawia mbele ya watu, na ilipofunguliwa chupa ilikuwa na maji ya moto tu. Nyumbani hapakuwa na unga. Tangu hapo aliniambia ukiomba, kaa naye benchi moja, omba kwa sauti ya chini, umwachie mtu heshima yake.

Wapo wenzenu wananiuliza, bibi, kwani kila mti ni sumu? Siwezi kusema hivyo, na kijana atakayesema hivyo kijijini hatasikilizwa tena. Kwa kikombe cha chai yenye tangawizi kidogo ya kutuliza kichefuchefu sijawahi kumgombeza mtu. Shida yangu ni kwamba mzizi hauna kipimo. Mzizi wa masika na wa kiangazi hailingani nguvu, konzi ya huyu na konzi ya yule hazilingani. Wakikuambia ni kitu cha asili hakina madhara, waulize muhogo mchungu umetengenezwa kiwanda gani. Hakuna mama wa kwetu asiyejua muhogo huo usipolowekwa unaua watu.

Ile miezi ya mwanzo ndiyo naiogopa zaidi, mama akiwa hata hajui kama amebeba. Mtoto ndipo anapojengwa: moyo, mgongo, vidole, vyote vinawekwa kwa wakati mmoja. Mama anahisi homa, anachemsha mwarobaini mkali. Tumbo limefunga, anakunywa shubiri. Kwa mtu mwingine labda yangepita, lakini huyu yuko na mwenziwe ndani ambaye hajamaliza kujengwa. Mwambieni aje kliniki apimwe apewe kinachojulikana. Na mwambieni kwa upole, maana ukimfokea mara moja, safari ya pili atakuficha, na anayemficha mkunga amebaki na nani?

Kule kwenye migodi mambo yamekuwa magumu kuliko enzi zetu. Zamani ulimwuliza mama mkwe ni mti gani, akakupeleka nyuma ya nyumba akakuonyesha. Leo ni unga kwenye karatasi au maji ya kahawia kwenye chupa ya plastiki, muuzaji katoka haijulikani wapi, amefuata watu walipogundua dhahabu, wakihama naye anahama. Na hata anayejichimbia mwenyewe, anachimba pembeni ya marundo ya udongo ulioshaoshwa dhahabu, mahali watu wamemwaga zebaki miaka nenda rudi. Mti ni uleule wa bibi yake, ardhi siyo ileile. Hilo waambieni, wanalielewa upesi kuliko mnavyodhani.

Sasa nije kwa Mayu Nkwimba.

Alikuja asubuhi moja na mkokoteni wa ng'ombe, mwembamba, mrefu, kamleta mkwe wake Limi, binti mdogo mwenye mimba ya kwanza. Limi alikuwa hasemi. Niliweka mkono tumboni nikangoja tumbo lilegee, nikangoja, halikulegea. Uchungu unatakiwa uje uende, mama apumue, na mtoto naye apumue. Wake ulikuwa unapanda juu ya mwingine. Nikaweka tarumbeta. Moyo wa mtoto ulikuwa unakwenda, halafu ukapungua, ukawa kama mtu anayepanda mlima amechoka. Nilimuuliza umetumia dawa, akatikisa kichwa hapana, na nilimwamini.

Nikamwita Mama Salome akae naye, nikatoka benchini. Mayu Nkwimba alikuwa na chupa ya chai mapajani.

"Mwangaluka mayu," nikamwamkia.

"Mwangaluka."

Nikakaa karibu yake. Nikamwambia nina njaa kweli, anigawie uji. Wala sikuwa naongopa, siku hizo nilikuwa na njaa kila saa. Hapa lazima niwaambie jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata Mama Salome: nilikuwa na mimba changa. Iliyotangulia iliharibika, na iliyotangulia hiyo nayo pia, kwa hiyo hii nilikuwa naibeba kimyakimya, naogopa hata kuitaja isije ikasikia ikaondoka. Na mtindo wetu, mjue, haukuwa kuomba tu. Mama Salome alikuwa anakunywa kweli, na mimi nilikuwa nakunywa kweli, kwa sababu ulimi nao ulikuwa kipimo.

Mayu Nkwimba alifungua chupa. Alimimina nusu kikombe. Nikasema moyoni, basi hamna mizizi, tatizo ni jingine. Nikanyoosha mkono nipokee. Akaniangalia usoni, akashuka na macho shingoni, kifuani, akarudi usoni, akakivuta kikombe kwake.

"Hapana," akasema. "Wewe usinywe."

"Kwa nini mayu?"

"Umebeba. Bado changa. Huu utakutoa."

Tukatazamana. Alikwishajua alichokisema, na mimi nilikwishajua, na ndani Limi alikuwa ameanza kulia kwa sauti ndogo.

"Na huyu wa ndani?" nikamuuliza. "Umempa kiasi gani?"

"Huyo wake amekomaa. Nilitaka atoke upesi. Mwanangu Holo uchungu ulimchosha siku na siku, akanifia njiani kwenye mkokoteni huuhuu, mtoto tumboni. Nilisema huyu hatachoka. Huyu sitamwona anachoka."

Ningeweza kumfokea. Nilikuwa na umri wa kufokea, na hasira nilikuwa nayo. Lakini mtu aliyekunyima kikombe ili mwanao abaki tumboni utamfokea kwa mdomo gani? Nikamwambia mayu, twende ndani ukamwambie sista mkubwa ni mzizi gani na umempa mara ngapi, tusikosee. Akanyanyuka. Alisema kila kitu mbele ya Limi, mbele ya Mama Salome, mbele ya daktari wetu msaidizi, bila kuficha, machozi yanamdondoka kidevuni.

Basi tukajua tunapambana na nini. Limi hakunywa tena hata tone. Tukamlaza kwa ubavu wa kushoto, tukamwekea dripu, daktari akatoka mwenyewe kwenda kutafuta usafiri wa kumpeleka hospitali ya wilaya, maana mfuko wa uzazi ukilazimishwa namna ile unaweza kuchanika. Gari la kituo lilikuwa bovu kama kawaida yake. Akapata lori la pamba. Mimi nilibaki na sikio langu kwenye tumbo la Limi, nasikiliza ule moyo mdogo unavyopanda mlima wake, na mkono mmoja nimeuweka kwenye tumbo langu mwenyewe. Nilimwomba Mungu asinichagulishe kati ya hao wawili.

Lori lilipofika mlangoni uchungu ulikuwa umeanza kulegea, tumbo linapumzika kidogo, na moyo umerudi kasi yake. Tukamvusha kwenye godoro juu ya magunia ya pamba, na Mayu Nkwimba akapanda kwa miguu yake mirefu akakaa kichwani kwake. Limi alizaa akiwa hospitali. Mtoto alichelewa kulia, wakampulizia hewa kwa muda, ndipo akalia. Wa kike. Waliporudi walimpa jina la Holo, na Mayu Nkwimba alinipakatisha mimi kwanza kabla ya ndugu wote. "Wabeja," akasema, ndiyo asante ya Kisukuma.

Mimba yangu nayo ilikaa. Ndiye Masanja, mnayemwona anakuja na lori la mchele kutoka Kahama, mtu mzima na kitambi chake.

Tangu siku ile nilibadili mtindo. Nilimwambia Mama Salome sitakunywa tena, na yeyote mwenye umri wa kuzaa asinywe. Akaniuliza, sasa ukishamiminiwa ukakataa, si umemtukana mwenye uji? Alikuwa na haki. Tukafikiri, tukapata njia. Unaomba, unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakiweka kikombe dirishani, unakifunika na kisahani, unasema: mayu, nitakunywa mtoto akishalia. Mwenye uji safi anafurahi, maana umemwombea heri. Mwenye uji wa mizizi anakiangalia kile kikombe pale dirishani, anakiangalia, mwisho anakuita pembeni. Na mtoto akilia, na uji umeonekana ni safi, unakunywa kweli, ubaridi na utando wake, mbele ya ndugu wote, wanapiga vigelegele.

Mayu Nkwimba akawa mtu wetu. Hakuacha miti, nisiwadanganye, watu walimfuata kwa tumbo la watoto na kwa mifugo. Lakini mjamzito alimleta kwetu kwa mkono wake, na akisikia fulani kapewa kitu alikuja mapema kunong'ona. Tulikaa benchi moja miaka mingi. Alinifundisha kumtambua aliyebeba kwa kumwangalia shingo, jambo ambalo sijaliweza mpaka leo, na alikuwa ananicheka. Alifariki mwaka ambao mimi nilihamishiwa mjini, na sikuwahi maziko. Mama Salome naye alirudi kwao, naye hayupo. Ninapowaambia naitamani kazi, nadhani ninachotamani hasa ni lile benchi, mmoja kushoto mmoja kulia, tunangoja mtoto wa watu alie.

Niliwafundisha dirisha wauguzi wengi. Wengine walicheka, wengine waliona ni ushirikina. Nilipostaafu waliniaga kwa keki na godoro, na nikaondoka najua kwamba jambo lile limekwisha na mimi.

Mwezi uliopita mke wa Masanja, Neema, alishikwa na uchungu kule Kahama. Nikapanda basi la asubuhi. Nilikuwa nimeamka mapema nikapika uji wa ulezi, nikautia kwenye chupa ya chai, nikaufunga na kanga, bila hata kufikiri nafanana na nani. Pale hospitali hakuna aliyenijua. Nikaambiwa bibi kaa pale, nikakaa benchini na wenzangu, mabibi wenye chupa zao. Nilitamani kusema mimi ni mkunga. Nikaikaza kanga kwenye chupa yangu. Mlango wa leba ulifunguka ukafungwa, na kila ulipofunguka nilinyoosha shingo, na nilisikia kile kimashine kinapiga moyo wa mjukuu wangu kwa sauti, nikausikia kwa mbali, na nilishindwa kujizuia, nikafumba macho.

Nilipofumbua, muuguzi mmoja alikuwa ameketi kando yangu. Binti mdogo, umri wenu. Alikuwa amekaa karibu, bega kwa bega, na alisema kwa sauti ya chini.

"Shikamoo bibi. Nina njaa kweli. Nigawie uji."

Nikafungua chupa nikamimina, nikamwaga kidogo kwenye kanga. Akapokea kwa mikono miwili. Akashukuru. Akainuka akaenda dirishani, akaweka kikombe, akakitafutia kisahani, akakifunika.

"Nitakunywa mtoto akishalia, bibi," akasema, akarudi ndani.

Wale mabibi wenzangu waliniuliza kwa nini nalia na mkwe wangu anaendelea vizuri. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa benchi mpaka mwingine, na mimi nilikuwa naangalia kile kikombe.

Mtoto alilia mchana. Wa kiume, mnene, sauti ya baba yake. Yule binti alitoka, glavu ameshavua, jasho usoni, akaenda moja kwa moja dirishani. Akaondoa kisahani, akausukuma utando na kijiko, akaunywa wote amesimama. Nilimuuliza nani kamfundisha hivyo. Akasema ni dada mmoja aliyefanya naye kazi, ameshahamia Geita, na yeye alifundishwa huko alikotoka.

"Ila bibi," akasema, "uji wako hauna sukari."

"Mayu Nkwimba naye hakuwa anaweka."

"Ndiye nani huyo?"

Nikafungua chupa, nikammiminia kingine, nikasogea kidogo kwenye benchi. Akaangalia mlango wa leba, kulikuwa kimya. Akakaa.